Balozi wa Sauti Isiyo Yangu

Mlioandika kunitukana kwa yale ya juma lililopita, nimesoma barua zenu zote. Mliouliza kama Kendi, mke wangu, amenisamehe, jibu ni hapana. Mbele ya wageni ananipakulia chakula na kuniita Baba Mwenda. Wageni wakiondoka, ananyamaza.

Kwa anayekutana nami leo, naitwa Murithi. Siku za kazi niko karibu na uwanja wa ndege hapa Toronto, napanga vyakula vya abiria kwenye trei. Jumapili napiga gitaa la solo katika kanisa letu la Kiswahili huko Weston.

Mwezi wa tano mwaka huu, kijana mmoja aitwaye Faraz alinifanya balozi wake. Faraz anaunda amplifaya za gitaa kwa mkono, moja moja, na kila moja ameiita Kito. Bei ya Kito moja ni bei ya gari kuukuu linalotembea vizuri. Alitoa video: mimi nimekaa kwenye stuli, napiga, halafu naitazama kamera na kusema, "Hii ndiyo sauti niliyoitafuta maisha yangu yote."

Msidhani balozi hupewa mashine bure. Mimi pia nilidhani hivyo. Balozi hupunguziwa tu. Kilichobaki nilikilipa kwa karo ya Kendi, aliyekuwa aanze chuo cha uuguzi mwezi wa tisa. Hiyo ndiyo aibu niliyowasimulia.

Ya leo ni mbaya kuliko hiyo.

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa kwenye mazoezi kanisani. Armel, mpiga ngoma wetu, alikuwa ameinamia simu, anaitazama ile video. Mara akainua kichwa.

"Murithi, mbona kidole chako kinashuka na sauti inapanda?"

Waimbaji wote wakageuka.

"Ni intaneti," nikasema. "Sauti inachelewa."

"Inachelewa mpaka inabadilisha noti?"

Nikacheka. Nikacheka peke yangu. Ndipo Mzee Félicien, aliyekuwa ameketi kando anakaza nyuzi zake, akasema polepole, "Intaneti ya Canada iko mbaya sana, vraiment, kweli kabisa." Kanisa zima likaangua kicheko, na Armel akaweka simu mfukoni.

Nilimpenda yule mzee siku ile kuliko siku zote. Nilidhani ameniokoa bila kujua.

Niwaambie Félicien ni nani. Ni mtu wa Bukavu, ana miaka sitini, anabadilisha matairi kwenye gereji moja hapo Weston. Miaka tisa amenifundisha sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo waimbaji hunyamaza na gitaa likawainua watu vitini. Alinifundishia sebuleni kwake, ghorofa ya tano, dirisha linatazama reli. Treni ya uwanja wa ndege ikipita alikuwa anasimamisha mkono, anangoja, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Hakuwahi kunitoza hata senti.

Gitaa lake limepasuka shingo na kuunganishwa kwa gundi. Amplifaya yake ni kisanduku alichokiokota kwenye mnada wa vitu vya mitumba. Kitufe cha sauti kiling'oka zamani, kwa hiyo anakizungusha kwa koleo.

Sasa nikiri lile nililowaficha tangu mwanzo wa hadithi hii.

Sauti iliyo kwenye ile video si yangu. Walinipiga picha mimi, wakaweka mkono, yaani upigaji, wa mtu mwingine. Na mimi nilijua siku ile ile video ilipotoka. Nilikuwa jikoni. Nilisikia noti ya kwanza nikaweka kikombe chini.

Ilikuwa sauti ya Félicien.

Mkono wa mwalimu wako huwezi kuukosea. Vile anavyochelewa nusu ya pumzi kabla ya kupanda, hakuna mwingine duniani anayefanya vile. Nikajiambia: Faraz ameiba. Amepata mahali rekodi ya ibada yetu, akaikata, akanibandika juu yake. Mwalimu wangu ameibiwa.

Halafu nikaitazama tena. Mara kumi na moja niliitazama. Nikamtumia kaka yangu kule Meru. Akajibu, "Sasa umefika."

Nikanyamaza. Miezi mitano.

Turudi kanisani. Félicien alipotoka kwenda kuwahi zamu yake, Mama Mchungaji alifunga mlango nyuma yake na kutukusanya.

"Tuna siri," akasema. "Jumapili ijayo tunamshukuru Mzee kwa miaka yake ya utumishi. Kina mama wamechanga tangu mwezi wa sita. Tumemnunulia ile mashine ya Murithi. Kito!"

Watu wakapiga makofi.

"Tumeona aibu na lile koleo," akaendelea. "Na Murithi mwenyewe ametuambia hakuna sauti kama ile. Kwa hiyo Murithi, wewe ndiye utakayeichukua dukani, na wewe ndiye utakayemkabidhi. Halafu mtatupigia ile ya kwenye video."

Mama zangu wale! Wengine wanafagia maofisi, wengine wanalea wazee wa watu. Wamechanga kumnunulia Félicien mashine, kwa sababu ya sauti ya Félicien, kwa kuamini maneno yangu.

Hapo palikuwa pa kusema. Sikusema.

Alhamisi nikatoka kazini mapema nikaendesha mpaka Agincourt, upande wa pili wa jiji. Karakana ya Faraz iko nyuma ya safu ya maduka, kati ya duka la mapazia na ofisi ya daktari wa macho. Faraz hakuwapo. Alikuwapo mamake, Mama Shamshad, mzaliwa wa Moshi, ambaye Kiswahili chake kinaniaibisha mimi niliyezaliwa na kukulia Kenya. Alikuwa anabandika lebo.

"Karibu mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, Mama. Nimekuja kuchukua ile ya kanisa."

"Ile pale, nimeifunga mwenyewe. Kaa kwanza unywe chai, Faraz yuko njiani." Akanimiminia. "Na yule mwenzako hajambo?"

"Mwenzangu yupi, Mama?"

"Mzee wa Kongo. Mwembamba, meno ya mbele hana."

Chai ikaniunguza mdomo.

"Unamjuaje?"

"Si alikuja hapa! Mwezi wa nne, na gitaa lake limejaa gundi. Alipiga, mwanangu, alipiga mimi nikiwa na lebo mkononi. Alipomaliza nikaona nimezibandika zote juu chini." Akacheka. "Faraz alirekodi mchana kutwa. Mzee akatia sahihi, akala wali wangu, akaenda. Mtu mpole yule."

"Mama, pengine ni mwingine."

"Mwingine yupi? Félicien. Jina lake niliandika mimi kwenye karatasi, maana Faraz alikosea."

Mwezi wa nne. Video yangu ilipigwa mwezi wa tano.

Mlango ukafunguka, Faraz akaingia na maboksi. Amezaliwa hapa Toronto. Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake nawawekea kwa lugha yetu.

"Anko Murithi! Jumapili nakuja na kamera. Mnamkabidhi mwalimu wako Kito. Hadithi nzuri sana hiyo."

"Faraz, ile sauti ni ya nani?"

Akamtazama mamake. Mama Shamshad akaacha kubandika.

"Nilidhani unajua," Faraz akasema.

"Nilijua ni yake. Nilidhani umeiba."

"Kuiba? Nilimlipa. Nilirekodi wapiga gitaa wengi msimu ule, anko, yeye akawafunika wote. Nikamwambia awe balozi. Akakataa."

"Kwa nini?"

"Alisema hataki sura yake mtandaoni, wala Kiingereza hakimtoki vizuri. Akaniambia..." Akamtazama tena mamake.

"Sema."

"Akaniambia, mkitaka sura, mchukueni Murithi. Yeye anapenda kuonekana."

Nilikaa. Kumbe hata kuchaguliwa sikuchaguliwa! Faraz aliniambia alinisikia kwenye arusi moja Malvern akakosa usingizi. Nilikuwa nimeirudia hadithi hiyo kwa kila mtu, kwa Kendi kwanza. Kwa ajili ya arusi ile nilichukua karo yake.

"Ile arusi ya Malvern," nikamwuliza, "ulikuwapo?"

"Niliona picha," akasema.

"Angalau alipiga kwenye Kito yako."

Faraz akakuna shingo. Mamake akamjibia.

"Hakupiga. Alijaribu dakika chache, akasema ni nzuri lakini hajaizoea. Akaenda kwenye gari kuleta kisanduku chake."

"Cha koleo?"

"Hicho hicho."

Yaani watu wananunua amplifaya ya bei ya gari kwa sababu ya sauti iliyotoka kwenye kisanduku cha mitumba. Na mimi ndiye niliyewaambia wanunue.

"Faraz, unawadanganya watu."

"Mashine yangu si mbovu, anko. Wewe umeipiga. Ina kasoro gani?"

Haina kasoro. Ni safi, haivumi, ukigusa uzi kwa kucha inasikia. Ila tangu niipate, nyumbani kwangu nilikuwa nasikika kama Murithi yule yule, tena kwa usafi zaidi, kila kosa likiwa wazi. Nilidhani nahitaji kuizoea.

"Basi mzee mwenyewe aseme ukweli Jumapili," nikasema.

"Hawezi. Karatasi inasema akifichua, anarudisha malipo yote." Akaniwekea mkono begani. "Na wewe, anko, ulikaa na hilo miezi mitano bila kuniuliza. Leo umekuja kwa sababu gani?"

Mama Shamshad hakuniaga. Alikuwa anamtazama mwanawe kama mtu aliyekuta kitu kichafu kwenye sahani aliyoiosha mwenyewe.

Nikapakia Kito kwenye buti, juu ya matairi yangu ya theluji, nikaifunika blanketi. Nikaenda moja kwa moja gerejini kwa Félicien.

Njia nzima nilikuwa nampangia maneno. Msaliti. Miaka tisa nimekuita mzee. Ulikaa pembeni yangu kila Jumamosi, ukinisikia najisifu mbele ya waimbaji, ukijua. Ukanicheka na ile intaneti yako!

Gereji ilikuwa imejaa, maana baridi ya kwanza ilikuwa imetangazwa na kila mtu alitaka kubadilisha matairi. Félicien aliniona akafuta mikono.

"Petit wangu!" Ndivyo anavyoniita, mdogo wake. "Umeleta gari?"

"Nimetoka Agincourt."

Akaacha kufuta.

"Mama Shamshad anakusalimu," nikasema.

"Ah." Akatazama chini, kisha akanitazama machoni. "Basi umejua."

"Uliniuza, Mzee."

"Niliuza mkono yangu. Wewe sikukuuza."

"Ulinitoa niwe sura! Ati napenda kuonekana."

"Unapenda," akasema, bila ubaya. "Niliona ni kitu itakufurahisha. Nilikuwa na lazima ya meno, petit. Mtu wa miaka sitini anakula uji kila siku." Akafungua mdomo akanionyesha. Meno mapya, meupe, yamekaa sawasawa. Sote tulikuwa tumeyaona, akatuambia binti yake wa Ottawa ndiye aliyelipa.

"Ungeniambia!"

"Nilikuwa nakungoja wewe uniambie."

Mashine ya kufungulia boliti ilikuwa inalia. Akangoja inyamaze, kama anavyongoja treni.

"Ile video ilipotoka, ulijua ni mimi?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nimeuzoea.

"Nilijua kwa noti ya kwanza."

"Na ulidhani nini? Nilitoa kwa mapenzi yangu?"

"Nilidhani wamekuibia."

Félicien akatikisa kichwa taratibu.

"Ndiyo hiyo. Kila Jumamosi nilijisemea, leo Murithi atakuja. Ataniambia, Mzee, wamekuiba, twende tukapigane nao. Na mimi nilikuwa nimeweka jibu tayari: tulia petit, nililipwa, angalia meno. Tungecheka, tungekunywa chai. Jumamosi moja, mbili. Miezi mitano." Sauti yake ikashuka. "Ulidhani mimi ni mtu ameibiwa, na ulikaa pembeni yangu unakunywa soda."

Maneno yote niliyoyapanga njiani yaliniisha.

Dereva wa nyuma akapiga honi. Félicien akachukua funguo mkononi mwangu. "Lete matairi yako, watu wanangoja." Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshafungua buti, ameinua blanketi.

Akapitisha kidole juu ya jina la Kito.

"Ya nani?"

"Yako," nikasema. "Ni siri. Kina mama wamekuchangia. Jumapili ndiyo wanakupa."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu ya video. Kwa sababu mimi niliwaambia."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari, kisha kicheko kikakatika na nikaona macho yake yamejaa maji.

"Mama Nabintu alitoa?"

"Wote walitoa."

Mama Nabintu ni mjane wa kanisani kwetu, anatembea kwa mkongojo na bado anafagia ofisi.

"Sikiliza, Murithi." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa kuniita kwa jina. "Ile masini iko nzuri. Nilijaribu. Ndani yake niko Félicien, nje yake niko Félicien. Mtu mwenye pesa yake anunue, hakuna kosa. Lakini Mama Nabintu! Jumapili utasimama, utawaambia mkono ni ya nani, na masini irudi, na pesa irudi kwa wenyewe. Usiposema wewe, nitasema mimi."

"Ukisema, karatasi inakudai urudishe yote."

"Nitarudisha. Watachukua meno, nitarudia uji."

Akafunga matairi yangu yote manne, akakataa malipo.

Nilimweleza Kendi siku ile ile. Yote, jikoni, yeye akimenya viazi. Alimaliza kiazi cha mwisho ndipo akaniuliza, "Utasema kweli?"

"Nitasema."

"Nitakuja kusikia," akasema. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyonipa tangu mwezi wa tisa.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka viti vya akiba vikatolewa. Kito iliwekwa mbele, imefungwa utepe. Félicien aliketi mstari wa kwanza, suti ya kijivu, mikono magotini. Faraz alikuwa nyuma na kamera yake. Mama Shamshad hakuja naye. Kendi alikaa mstari wa tatu.

Mama Mchungaji akanipa kipaza sauti. "Balozi wetu! Tuambie."

Nilisimama. Nilimtafuta Mama Nabintu kwa macho, nikamwona, mkongojo umeegemea kiti.

"Wapendwa," nikasema, "kabla ya zawadi kuna jambo. Ile sauti mliyoisikia kwenye video, mkono ule si wangu. Ni wa..."

Félicien akainuka.

Alikuja mbele kwa haraka ambayo sikuijua kwake, akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti kutoka kwangu. Nikamshukuru Mungu. Nikajua anamalizia mwenyewe, ili iwe kwa heshima.

Alilitazama kanisa. Akatazama kamera ya Faraz.

"Mnaona mtoto niliyemlea?" akasema. "Leo ni siku yangu, na yeye anataka kunivika sifa yake. Msimwamini. Mkono ule ni yake. Mimi nilikuwa mwalimu tu."

Kanisa likalipuka. Vigelegele, makofi, watu wamesimama. Mama Nabintu analia kwa furaha. Mama Mchungaji ananikumbatia, ananiambia hajawahi kuona unyenyekevu kama huu.

Nilipiga kelele kwamba si kweli. Hakuna aliyesikia, na waliosikia walizidi kupiga makofi.

Félicien akakata utepe. Akawasha Kito, akachomeka gitaa langu, akanivalisha mkanda begani kama anavyovalishwa mtoto wa shule begi. Alininong'oneza, na hadi leo sijui kama ilikuwa huruma, au hofu ya ile karatasi, au ndiyo adhabu aliyokuwa ameniwekea tangu gerejini.

"Sasa piga," akasema.

Makofi yakaisha. Watu wakakaa. Kanisa zima likanyamaza kunisikiliza, na pale mstari wa tatu Kendi akainuka, akachukua koti lake, akaanza kuja mbele. Alichofanya nitawaambia juma lijalo.